Yowe Ndani ya Kinanda

Miaka ile ya Wajerumani, reli ilipokuwa ngeni Dodoma na watu bado wanatoka nje kutazama garimoshi likipita, Loisi alikuwa akifua na kupiga pasi nyumbani kwa Bwana wa reli. Mumewe alikuwa amefuata kazi ya kutandika reli huko mbele, upande wa Tabora, akamwachia mtoto mmoja tu, Ruthu, msichana ambaye meno ya mbele ndiyo kwanza yalikuwa yanalegea. Kila asubuhi Loisi alimwacha Ruthu kwa wifi yake, Hana, aliyekuwa akichota maji korongoni, kisha akashika njia ya kazini. Ni mama gani hajawahi kumwacha mtoto kwa wifi? Hapo hapakuwa na kosa.

Kosa lilianzia kwenye kinanda. Kililetwa na garimoshi, kimezungushiwa magunia, wanaume wakakibeba wakigombezana hadi sebuleni, ukuta mmoja na chumba cha pasi. Alasiri Bwana akiwa kazini, mkewe, ambaye wote walimwita Bibi, aliketi akapiga nyimbo za kwao, zilizotungwa na watu waliokufa zamani. Nyingi zilimpita Loisi kama maongezi ya watu asiowajua.

Isipokuwa mmoja. Katika wimbo huo, mkono wa kushoto uligonga chini palepale, palepale, hausogei. Wa kulia ukawa unapanda polepole, ukikaribia juu unarudi, unapanda tena. Loisi aliona mikono yake inasisimka bila baridi. Mara wimbo ukafika juu kabisa, ukang'ang'ania huko, unalia, haushuki.

Loisi aliiacha pasi ya mkaa juu ya shuka, akakamata mti wa kukorogea nguo, akatoka mbio hadi langoni huku akipiga yowe.

Msimcheke. Kwao, upande wa Haneti, yowe haliulizwi. Ukilisikia, unaliitikia kwa yowe lako ili wa mbali naye asikie, halafu unakimbia na chochote kilichoko mkononi. Ukishafika ndipo unauliza kama ni simba, au moto, au mtoto. Na asiyekimbia huulizwa mbele ya watu: ulikuwa wapi?

Basi watu wakaja. Wanawake na majembe, wanaume wawili na mikuki, mzee mmoja na kigoda alichokuwa amekikalia. Wakasimama langoni wakihema, wakimtazama Bibi aliyetoka barazani na mikono yake myeupe.

"Ni nini?" akauliza mzee.

Athuman, mpishi wa nyumba ile, mtu wa Kondoa mwenye mdomo, alijishika mbavu. "Ni kinanda, baba! Mama Ruthu kasikia kinanda! Rudini mkalime, Wagogo nyie, hata sanduku linawakimbiza!"

Watu wakacheka, wakaondoka. Shuka likabaki na alama ya pasi, kahawia, mfano wa jani.

Bibi hakukasirika. Alimwita sebuleni. "Loisi, wewe ogopa nini?"

"Kuna mtu analia humo, Bibi."

Bibi akafurahi hasa, kama mtu aliyesifiwa. Akaketi, akabonyeza kwa kidole. "Sikia. Hii ya chini, hapana kwenda. Hii ya juu taka kurudi nyumbani. Mimi nakataza. Wewe ngoja, mimi hapana kukupa. Ngoja tena, hapana kukupa." Akaupandisha wimbo hadi pale pa kulia, akaushikilia, kisha akauteremsha taratibu ukatua. Loisi akasikia pumzi yake mwenyewe ikitoka. "Ona? Hakuna mtu kufa. Wimbo tu. Keti."

Tangu hapo, kila alasiri alipofika kwenye wimbo ule, Bibi alimwita aje aketi kwenye mkeka karibu na kinanda. Mwanzoni alikuwa akiinuka nusu, akirudi kuketi. Alikazia macho miguu ya kinanda, akajiambia: hakuna mtu kufa. Baadaye akaacha kuinuka. Akaanza kuijua njia, hapa atapanda, hapa atanikatalia, hapa atanipa, na kukaa kimya pale juu kukawa kama kubeba mtungi bila kuushika. "Vizuri!" Bibi alisema. Loisi akarudi kwenye pasi kifua mbele.

Athuman naye alipata mchezo. Wimbo ukipanda, alitoka jikoni na upawa, akapita dirishani mbio, "Yowe! Yowe! Mama Ruthu, simba kaingia kwenye kinanda!" Loisi akacheka ndani ya kanga yake. Kila mara alipita, kila mara Loisi alicheka, na hakuondoka mkekani.

Kiangazi kikakaza. Korongoni maji yalirudi chini, wanawake wakachimba mchanga mpaka visima vikawa virefu kuliko mtu, na vyembamba. Asubuhi moja Loisi alimwambia mwanawe, "Usishuke kisimani, unasikia?"

"Lakini mama, mimi ndiye ninayeenea mle ndani," Ruthu akasema. "Shangazi haenei."

"Usishuke."

"Basi tazama jino langu."

"Jioni," Loisi akasema, maana jua lilishapanda.

Alasiri Bibi alikuwa kwenye wimbo ule, na Loisi mkekani. Mkono wa kulia ulipanda, ukarudi, ukapanda. Ulipofika juu Loisi alisikia sauti nyembamba inakwenda pamoja nao, kutoka nje, upande wa korongo. Akaisikia vizuri kabisa. Mwili ukataka kuinuka. Akauketisha, kama alivyofundishwa, akajisifu moyoni kwamba safari hii wimbo ni mkali kupita siku zote na bado ameuweza.

Athuman akapita dirishani mbio. Mkononi alikuwa na jembe. Hakusema kitu. Loisi akatabasamu.

Wimbo ukashuka, ukatua. Bibi akaondoa mikono. Ile sauti ya nje haikutua.

Alipofika korongoni aliwakuta watu wamesimama. Hilo ndilo aliloliona kwanza, kwamba hawachimbi, wamesimama. Athuman alikuwa amepiga magoti, mchanga umemjaa hadi kwenye nywele. Kisima kilikuwa kimejifukia. Ruthu walikuwa wamemlaza kivulini, mdomo wazi kidogo, na jino lake lingalipo.

Sauti ya Hana ilikuwa imekauka. "Tulikuwa wanawake wawili tu, wifi. Tunachota mchanga, unarudi. Nimepiga yowe, nimepiga." Akamtazama. "Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimeketi," Loisi akasema.

Hakuna aliyesema kwamba mikono miwili zaidi ingetosha. Hakuna aliyesema kwamba isingetosha.

Bibi alileta shuka la kumzikia mtoto. Lilikuwa lile lenye alama ya pasi. Wanawake walipolikunja, alama ikaangukia miguuni, na Loisi akawaza kwamba sabuni isingeitoa. Alingoja kulia. Waliokuja walilia, Athuman alilia kwa sauti. Yeye aliwagawia uji.

Baada ya matanga alirudi kazini, kwa kuwa nguo zilikuwa zimerundikana. Kinanda kilikuwa kimefungwa. Siku zikapita, kikabaki vile vile, hata Loisi akasema, "Piga tu, Bibi."

"Ule?"

"Ule ule."

Bibi akapiga. Wa chini ukagonga palepale. Wa juu ukapanda, ukakataliwa, ukapanda. Loisi alisimama mlangoni na nguo mkononi akingoja mwili ungoje. Haukungoja. Wimbo ulifika pale juu ukalia, ukashuka. Kilikuwa kinanda tu, mbao na nyaya. Zamani kila ulipopanda, alikuwa na mtu wa kumhofia huko nje, na wimbo ulimshika hapo. Sasa haukuwa na pa kumshikia.

"Wewe sikia?" Bibi akauliza, macho mekundu.

"Nasikia, Bibi." Akaenda kuanika.

Mvua zilipokaribia, Bibi alimwajiri msaidizi, binti mdogo aitwaye Anyesi, mwenye mtoto mchanga aliyemwacha kwa mama mkwe. Siku ya kwanza Bibi akapiga ule wimbo. Ulipofika juu Anyesi aliruka, maji yakamwagika sakafuni.

"Mama, ni yowe!"

Athuman alikuwa mlangoni na kuni. Hakucheka. Sebuleni Bibi akaacha kupiga, akaita kwa upole, "Anyesi, hapana ogopa. Wimbo tu. Njoo, keti."

Anyesi akamtazama Bibi, akamtazama Loisi. Akaanza kuvuta mkeka.

Loisi alimnyang'anya mkeka, akamshika bega, akamsukuma hadi uani, akamfungulia lango kwa mkono wake.

"Kimbia," akamwambia. "Kamwangalie mwanao. Ukimkuta mzima, rudi, nitafua zamu yako na watu watatucheka. Na kesho ukiusikia, kimbia tena."

"Lakini Bibi kasema—"

"Bibi amesema. Kimbia."

Anyesi akakimbia, kanga ikimpepea. Loisi alibaki ameshika lango mpaka alipomwona akirudi, amempakata mtoto, ameinamisha uso kwa aibu. Kisha akaingia ndani kufuta maji.