Ni Wapi Nisiguse?

Mtu akimletea Fundi mkoba wa ngozi uliochoka, Fundi hamwulizi kwanza anautaka lini wala wa rangi gani. Humkaribisha kiti cha jikoni, maana karakana yake ni meza ya jikoni, akatoa vitu vyote mkobani mbele ya mwenyewe, akaugeuza juu chini, akaunusa ndani bila haya, ndipo akauliza swali lake: "Ni wapi nisiguse?"

Wengi hucheka. Gusa kote, wanasema, ndiyo maana nimeuleta. Yeye hujifanya anatafuta kitambaa, na baada ya muda mteja hukohoa kidogo na kusema, basi, hapa kwenye pembe paache tu. Muuguzi mmoja alimwomba aliache doa la wino kwenye bitana, kwa sababu kalamu iliyovuja humo ilikuwa ya marehemu kaka yake. Fundi aliusafisha mkoba mzima ukang'aa, akalizunguka lile doa kama mtu anayefagia kandokando ya mtoto aliyelala. Muuguzi alipouona alitokwa na machozi, akaenda kumtangaza wodi nzima. Sifa hiyo ndiyo iliyomletea wateja kuliko ufundi wenyewe, na Fundi sifa anazipenda, tusidanganyane.

Mtu mmoja tu hakuwahi kumsifu, na mtu huyo alilala chumba kilichopakana na jiko. Mama mkwe wake alihamia kwao macho yalipoanza kumwishia. Sasa aliona mwanga wa dirisha tu, basi. Mengine yote aliyaona kwa vidole. Alijua kikombe chake kwa pale mdomoni kilipomeguka, na kiti chake kwa mguu uliolegea. Mkoba wake ulining'inia kwenye nguzo ya kitanda, na kila asubuhi aliupapasa kabla hajamsalimu mtu yeyote.

"Hivi siku hizi watu wanalipwa kwa kuosha pochi kuukuu?" aliwahi kuuliza. "Kweli dunia ina nafasi ya kila mtu."

Alisema akicheka, Fundi naye akacheka, lakini maneno yale yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Ukimsifu mara mia na kumtania mara moja, atalala na lile la utani.

Na mkoba wenyewe, jamani! Ulikuwa wa kahawia, wa shepu ya sanduku, wa mshikio mmoja, ulionunuliwa mama mkwe akiwa bado bi harusi. Ngozi ilikuwa imepasukapasuka kama kisigino cha mtu asiyejua mafuta. Pindo la mfuniko lilikuwa limetafunwa. Mgongoni palikuwa na doa jeusi la kuungua. Na mshikio, ulipokatikia, ulikuwa umefungwa kwa waya, waya wa kawaida kabisa, umesokotwa ukasokoteka. Kila Fundi alipoingia kutandika kitanda, macho yake yalikwenda kwenye ule waya, na mikono ikaanza kumwasha. Alijiambia ni aibu: yeye anayefufua mikoba ya watu baki, na nyumbani kwake unaning'inia mzoga.

Ndipo daktari aliposema jicho moja lifanyiwe upasuaji, angalau ule mwanga wa dirisha usipotee nao. Mama atalala hospitali siku chache. Asubuhi ya kuondoka, mwanawe, mume wa Fundi, alimwambia auache mkoba nyumbani, kwa kuwa hospitali hakukosi wenye vidole virefu. Mama alisita, akauvua mkononi taratibu, akaunyoosha mbele hadi ukagusa mikono ya Fundi.

"Niwekee, mwanangu. Usinitupie ovyo."

"Niachie mimi, mama."

Najua mmeshajua. Gari halijapinda kona, mkoba ulikuwa juu ya meza ya jikoni.

Fundi alijipa sababu, na sababu zilikuwa nzuri. Anamfanyia mama jambo la kumshtua kwa furaha. Ukimwuliza mtu kwanza, atashtukia nini tena? Atakaporudi ataupapasa, atasema, ala, kumbe ndiyo kazi unayoifanya humu! Hiyo ndiyo sentensi aliyoifanyia kazi Fundi siku zote zile. Aliifuta ngozi kwa sabuni yake, akaikausha kivulini huku ameujaza mkoba magazeti usipoteze umbo. Akainyunyizia bitana soda ya kuokea na kuipangusa kwa siki, maana ndani mlinuka tumbaku, wala hakujiuliza tumbaku imefikaje kwenye mkoba wa mwanamke asiyevuta. Akajaza nyufa, akajaza na yale matafuno ya pindoni, akalainisha kwa msasa hadi kidole kikateleza. Akapaka rangi kwa sifongo, doa la kuungua likazama. Halafu akachukua koleo.

Redio ilikuwa inacheza kile kipindi cha vichekesho. Mchekeshaji alikuwa anaigiza mtu aliyejifungia nje ya nyumba akiwa na taulo, na Fundi alicheka hadi koleo likamteleza. Waya ulifunguka mzunguko baada ya mzunguko, ukaacha mfereji kwenye ngozi. Ulikuwa waya mzuri, mgumu, na Fundi hatupi kitu. Aliunyoosha kwa nyundo, akaukunja ncha moja, akautundika kwenye msumari juu ya sinki uwe ndoano ya kukaushia. Mshikio akaushona upya kwa uzi wa nta. Mshono wenyewe, ukiutafuta huuoni.

Siku ya kurudi, mama aliingia amefungwa bandeji jicho moja, mwanawe kulia, binti yake kushoto. Wifi huyo ndiye wa kwanza kuuona mkoba, pale kwenye nguzo ya kitanda.

"Weee! Wifi! Huu umeutoa duka gani?"

"Duka gani? Ni ule ule!"

"Acha utani! Ule wa waya?"

"Ndiyo huo huo, wifi. Mikono hii."

Kichwa cha Fundi kilikuwa kimevimba kiasi kwamba mlango ungemshinda. Wote watatu wakamtazama mama. Alikuwa ameketi kitandani, na mkono wake, kwa mazoea yake, ulikwenda moja kwa moja kwenye nguzo. Ukagusa. Ukarudi upesi kama umeungua.

"Huu wa nani?"

"Wa kwako, mama," Fundi akasema, bado anacheka.

Mama akaushika tena, safari hii kwa mikono miwili. Akapitisha kidole kwenye pindo, akarudia. Akaushika mshikio, dole gumba likitafuta kitu na kukikosa. Akaufungua, akatoa kitana, leso, ufunguo, akavipanga mapajani.

"Vitu ni vyangu," alisema. "Mkoba wangu uko wapi?"

"Mama, ndio huo," mwanawe akadakia. "Mkweo kautengeneza."

"Nimepoteza macho, baba, sijapoteza akili. Mimi mkoba wangu siujui? Mmenunua mpya mkanihamishia vitu ili kipofu asijue. Mkoba ni mzuri, nashukuru. Sasa nipeni wangu."

Walimweleza kwa zamu, kisha kwa pamoja, na kadiri walivyoeleza ndivyo alivyozidi kunyamaza. Uso wake ulikuwa wa mtu anayehesabu ni mara ngapi ameshadanganywa humu ndani bila kujua. Mwishowe Fundi, mume wake na wifi wakatoka hadi jikoni, wakasimama kama watoto waliovunja chungu.

"Uache tu," mume akasema. "Atauzoea."

"Au mwambie umepotea," wifi akanong'ona. "Umepotea, basi, yaishe. Kuliko akae anafikiri tunamfanya mjinga."

Fundi alikuwa anautazama ubao wa meza, penye madoa ya rangi ya kahawia. Kusema kweli, shauri la wifi lilimvutia. Mkoba kupotea ni bahati mbaya tu, haina mwenyewe.

"Mwanangu!" sauti ya mama ikatoka chumbani. "Yule mama wa kufua, alikuja nilipokuwa sipo?"

"Alikuja, mama."

"Basi asije tena. Simsingizii. Lakini asije."

Mama wa kufua ni mtu ambaye hata kifungo kikikatika kwenye shati hukirudisha mezani. Fundi alihisi damu imempanda usoni hadi masikioni. Alirudi chumbani peke yake, ingawa nyuma yake wale wawili walisogea mlangoni. Akapiga magoti mbele ya kitanda.

"Mama, mama wa kufua hajachukua kitu. Mkoba ni huu. Nitakuthibitishia."

"Haya. Thibitisha."

Akafungua mdomo, ndipo alipoona shimo alilojichimbia. Mkoba ule haukuwa tena na alama hata moja. Ushahidi pekee uliobaki ulikuwa yale aliyoyaharibu, na angeyataja mwenyewe, moja moja, kwa mdomo wake.

"Kwenye pindo la mfuniko palikuwa na matafuno."

"Meno ya huyo hapo mlangoni," mama akasema, akielekeza kidevu. "Alikuwa anaota meno. Tukikaa foleni nampa pindo atafune, anyamaze. Yako wapi?"

"Nimeyajaza, mama."

Mume wake mlangoni akainamisha kichwa. Hakuna aliyewahi kumwambia kuhusu hayo meno.

"Mgongoni palikuwa na doa la moto."

"La pasi. Siku ya harusi ya huyo mwingine. Nilikuwa nalia nikaisahau. Liko wapi?"

"Nimelipaka rangi."

"Na harufu?"

"Nimeitoa kwa siki."

"Baba yao alikuwa anaificha tumbaku yake humo," mama akasema polepole. "Nimempiga marufuku kuvuta. Nampekua mifuko, napekua hadi viatu. Anaificha kwenye mkoba wangu mwenyewe, mahali ambapo nisingemtafuta. Nilikuja kujua amekwisha kufa." Akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likaisha. "Na waya?"

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini sakafu ya saruji haina huruma hiyo.

"Nimeutoa, mama."

Mama aliukumbatia mkoba, si kwa kuupenda, ila kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani amshike. Sasa aliamini. Fundi aliona hasa ilipomwingia, na akajua kwamba mama alikuwa na nafuu pale alipokuwa bado hajaamini.

"Mshikio ulikatikia njiani," mama akasema. "Baba yao akang'oa waya kwenye uzio wa watu, akausokota kwa vidole na meno. Nikamwambia unanitia aibu, mke wa mtu na mkoba wa waya! Akasema, kesho nitakununulia mwingine. Hakununua, na mimi sikuutaka tena huo mwingine."

"Nisamehe, mama. Nilitaka ufurahi."

"Ulitaka nikusifu."

Uso umeumbwa na haya, na wa Fundi siku hiyo haukuwa na mahali pa kujificha hata mbele ya mtu asiyeona.

"Nakusikia kutoka humu kila siku," mama akaendelea, bila ukali. "Ni wapi nisiguse? Ni wapi nisiguse? Mtu akija na takataka zake unamwuliza. Nilikuwa nalipenda sana hilo swali, sikukwambia tu. Nikawa nasema moyoni, siku moja ataniuliza na mimi. Jibu nilikuwa nalo tayari."

Wifi mlangoni akajifuta pua kwa ncha ya mtandio. Fundi aliinuka, akapita kati yao, akaenda kwenye sinki. Ndoano ilikuwa pale kwenye msumari, imening'inia bila kitu. Akaichukua, akarudi, akaiweka kwenye kiganja cha mama.

"Waya wenyewe huu. Sikuutupa."

Vidole vya mama vilitembea juu yake kutoka ncha hadi ncha, vikarudi. Isipokuwa ile ncha iliyokunjwa, ulikuwa umenyooka kama sindano. Akautafutia mshikio, akajaribu kuuzungushia, lakini waya ulikuwa mgumu na vidole vilikuwa vya mtu aliyetoka hospitali. Akajaribu tena. Kisha akaunyoosha mbele waya na mkoba pamoja, kama alivyofanya asubuhi ile ya kuondoka.

"Nirudishie wewe. Kama ulivyokuwa."

Fundi akaupokea waya, akaushika kwa koleo la vidole vyake, akasimama hapo hapo.

"Mama... ulikuwa umezunguka upande gani?"

"Mimi najua ulivyokaa mkononi, mwanangu. Ulivyozunguka aliyeuona ni wewe. Ndiwe mtu wa mwisho kuuona."

Fundi alifumba macho akatafuta. Aliiona meza, aliliona koleo, aliuona mfereji kwenye ngozi. Waya hakuuona. Alichokipata, neno kwa neno, ni kile kichekesho cha mtu wa taulo, na kicheko chake mwenyewe juu yake.

"Sikumbuki, mama," alisema.

Mama alikuwa bado ameushika mkoba, mshikio ameuelekeza kwake, anangoja.