Hali Ikizidi, Toka

Jumanne, tarehe kumi na saba Juni 2025, saa nne asubuhi, mke wangu Ruqaiya alitii amri ya wakubwa wake. Ndiyo maana akafa.

Nasema alitii. Wao wanasema alikaidi, na wameandika hivyo kwenye karatasi wanayotaka niitie sahihi.

Kiwanda kiko bondeni, nyuma ya magereji. Malori yanaleta magogo ya mkaratusi, ule mti unaopandwa leo ukakatwa kabla mtoto hajamaliza shule. Mashine inayatafuna vipande vipande, vinapikwa kwa magadi makali mpaka vinakuwa uji, uji mweusi kama wa mtama. Ukishaoshwa unaingia kwenye tangi la kung'arisha. Hapo wanatia dawa, uji unageuka mweupe kama sanda. Kutoka hapo ndiyo madaftari ninayobeba mgongoni kila siku sokoni Kikuubo. Mimi ni mpagazi, sikumaliza darasa la tano. Lakini kusoma ubao naweza.

Ruqaiya alikuwa amefanya kazi kwenye tangi wiki tatu tu. Ukutani, karibu na sindano ya kupimia joto, msimamizi wao Ssebuliba alikuwa ameandika kwa chaki: HALI IKIZIDI, TOKA.

Sasa sikiliza. Ssebuliba ni Mganda. Waganda sina ugomvi nao, nimekaa nao miaka hamsini, lakini ulimi wao huchanganya R na L. Barua wataita balua, mkaratusi wataita kalitusi. Ssebuliba alitaka kuandika hari. Joto. Sindano ikipita alama nyekundu, mtu akimbie, kwa sababu joto likipanda ndani ya tangi, baada ya muda kidogo dawa inatoa pumzi ya sumu. Wazoefu wote walijua maana yake, wamezoea mdomo wake. Ruqaiya alikuwa Mnubi wa Bombo, binti wa askari. Kiswahili chetu hatukukiokota sokoni Owino kwenye marundo ya mitumba, tumekinyonya. Yeye alisoma kilichoandikwa. Hali.

Okwera, kijana wa Gulu aliyekuwa naye zamu moja, ndiye alinieleza. Siku hiyo pampu ya kuoshea uji iliharibika. Wafanyakazi walimwambia meneja, Bwana Odur. Akasema endeleeni, Kikuubo wanasubiri mzigo. Uji ukaingia kwenye dawa haujaoshwa. Sindano ikaanza kupanda. Watu wakatupa makoleo, wakatoka.

"Mama Safinah, tutoke!" Okwera akamwita kutoka mlangoni.

"Kwani wewe unaumwa?"

"Siumwi, lakini..."

"Basi hali yako imezidi? Soma ubao, mwanangu. Mimi mzima, sikohoi, macho hayaniwashi. Nikitoka bila sababu Ssebuliba ataniambia Wanubi wavivu."

Okwera anasema alicheka aliposema hivyo. Kile kicheko ninakijua, cha kuziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Akarudi kukoroga. Hali yake ilipozidi kweli, hakuweza kuuona mlango.

Hospitali ya Mulago alikaa siku mbili. Siku ya pili daktari alinishika bega akasema, "Mzee, hali imezidi." Nilitaka kumpiga, maskini, naye hakuwa na kosa lolote. Neno tu.

Tulimzika Bombo.

Mwezi wa nane Odur akanitumia mtu. Kiwanda kinataka kufungua tena nyumba ya tangi, na serikali inataka maelezo. Nikikubali kwa sahihi kwamba marehemu alikaidi amri iliyoandikwa wazi ubaoni, binti yangu Safinah atapewa nafasi ya mama yake. Safinah ana miaka ishirini na mbili, na tangu Januari anazunguka mji na vyeti vyake ndani ya bahasha.

"Baba, nisipoichukua wataipa mtu mwingine."

"Waipe."

"Mimi najua ni hari. Mama hakujua. Mimi najua."

"Na mimi niandike kwamba mama yako alikuwa mkaidi?"

Kesho yake nikaona ameosha buti za mama yake za mpira, ameziegemeza ukutani kwenye jua.

Jumatatu tukaenda wote wawili. Odur hakutaka kusubiri mzee na sahihi yake. Alimwambia Safinah aingie kazini, avae aproni. Mimi nikabaki ofisini na Odur na Ssebuliba. Karatasi iko mezani, nyeupe, na kalamu juu yake.

"Pore sana, mzee Jiburiru," Ssebuliba akasema. Macho yake yako sakafuni. "Mimi niliandika vizuli. Kira mtu arijua."

"Kila mtu nani?"

"Wote waritoka."

"Wote waliojua mdomo wako, ssebo, bwana. Nionyeshe ubao kwanza, ndiyo nitie sahihi."

Odur akaangalia saa. Akasema haya, mwonyesheni, amalize.

Tukaenda kwenye nyumba ya tangi. Ubao wa chaki haupo. Wamepigilia bati jipya, rangi nyekundu, herufi kubwa za mashine: HARI IKIZIDI, TOKA. Ile R imesimama imara, imetanua miguu kama askari getini.

"Meneja," nikasema, "kama mke wangu ndiye aliyekosea, hii R mmeileta ya nini?"

"Mzee, usitupotezee muda. Ni kuboresha mazingira."

"Mmeboresha kosa la nani?"

Akaangalia saa tena. Nami nikadhani nimemshinda, nikawa naondoka kichwa juu. Ni Okwera aliyenivuta shati. Amerudi kazini hapo, ana watoto. Alinyoosha kidevu tu kuelekea sindano.

Nikasogea. Kioo kina ufa tangu siku ile. Sindano imelala kwenye thelathini. Tangi lilikuwa limeshawashwa, ukiliwekea kiganja unakiondoa haraka, na mvuke unatoka pembeni ya kifuniko. Sindano thelathini. Nikagonga kioo kwa kidole. Thelathini.

"Hii imekufa," nikasema.

"Imeagizwa," Odur akajibu. "Iko njiani."

"Tangu lini?"

"Iko njiani, mzee."

Safinah alikuwa upande wa pili wa tangi, na buti za mama yake, mtandio ameufunga mdomoni, anakoroga. Nikamwita. Akaniinulia mkono kunitoa wasiwasi, akafunua mtandio.

"Mimi mzima, Baba! Nenda!"

Maneno ya mama yake yale yale.

Sikutia sahihi. Nilimwambia Odur nitatia siku atakayonijibu swali langu moja. Nimemuuliza Jumatatu ile, nikamuuliza Jumatano getini, nikamuuliza Ssebuliba njiani akavuka barabara kunikwepa. Leo ni Alhamisi ya wiki ya pili na Safinah ameingia saa moja asubuhi kama kawaida. Bati linasema hari. Sindano haitembei. Swali langu ni hilo hilo moja: basi hiyo hari ikizidi, binti yangu ataiona wapi?