Chupa ya Mdalasini

Vidonge vile nilivitoa mimi mwenyewe, kwa kucha zangu, kimoja kimoja kutoka kwenye karatasi zake za alumini. Hakuna aliyenilazimisha. Nilibana mlango kwa kiti, nikavibonyeza vyote mia na ishirini vya miezi miwili, nikavifunga kwenye leso, na maboksi yenye jina la dawa nikayachoma. Nikajiona mjanja kweli.

Kwetu, siku ya kuhamisha vyombo vya bibi harusi hakuna siri. Vitu vyote hupakiwa kwenye magari ya wazi, vikapitishwa kijiji kizima, na vikifika kwa mume wanawake wa huko wanavifungua. Wanahesabu taulo, wanapima unene wa blanketi kwa vidole, wanapekua hadi nguo za ndani. Ukificha dawa kwenye sanduku la nguo, wataijua kabla bwana harusi hajaijua. Na dawa ya Shaima wangu si ya kikohozi. Binti yangu ana kifafa tangu akiwa na miaka kumi na miwili.

Mara ya mwisho kuanguka alikuwa shuleni, miaka minne iliyopita. Tangu hapo ni kimoja asubuhi, kimoja jioni, na akawa msichana kama wenzake. Lakini watu hawasahau. Wachumba wawili walikuja, wakasikia minong'ono, wakapotea. Karam alikuwa wa tatu. Alitoka kijiji cha mbali kidogo, hakusikia kitu, na mimi sikumwambia kitu.

Daktari wa Tanta, mji mkubwa wa karibu nasi, alikuwa ameniambia mambo matatu. Asiache dawa hata siku moja bila kumuuliza yeye. Akitaka kuolewa, amwone kwanza, maana kuna dawa za kifafa zisizofaa kwa mwenye mimba. Na vidonge vikae kwenye karatasi zake mpaka saa ya kumeza. La kwanza nililishika. Hayo mawili niliyaacha palepale mlangoni kwake, maana nilikuwa na harusi ya kupanga.

Basi ile leso niliitia kwenye seti ya chupa za viungo, kwenye chupa kubwa kuliko zote, nikaifunika kwa vijiti vya mdalasini. Siku ya vyombo nilisimama pale kwa kina Karam nikitabasamu, macho kwenye chupa ile. Mama yake, Haja Tafida aliyekwenda Makka, alizipitia chupa zote kwa macho na kusema, "Mashallah, umemjaza mtoto viungo vya mgahawa." Watu wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Siku ya kumi na tisa baada ya harusi, Alhamisi, simu ililia asubuhi nikiwa nalisha bata. Shaima alikuwa ananong'ona.

"Mama, vidonge vimekuwa uji."

"Uji gani? Sema vizuri."

"Vimelowa, mama. Toka Jumapili. Vimeshikana vyote kama unga uliokandwa. Nilikuwa nachota kwa kidole nakisia. Toka juzi vimeoza, vinanuka, nimeshindwa kumeza."

"Toka juzi! Na unaniambia leo?"

"Karam alikuwa nyumbani. Ningesemea wapi? Nilidhani nitavumilia mpaka uje."

Nikahesabu kwa vidole: siku mbili za kukisia, na leo ya tatu bila chochote. Nikamuuliza kama mkono unaruka. Mkono wake wa kushoto huwa unaruka kabla hajaanguka, kama mtu aliyeguswa na kitu cha moto.

"Uliruka jana mara moja," akasema. "Na leo asubuhi. Mama, leo tunaoka."

Hapo nikakaa chini kwenye kinyesi cha bata bila kujali. Kuoka kwetu ni kwenye tanuri la udongo, mdomo wake uko usawa wa kifua cha mtu aliyekaa, na moto umejaa ndani. Bibi harusi akiokea familia ya mume kwa mara ya kwanza, ndiye anayekaa mdomoni mwa tanuri, na wanawake wote wanamtazama.

"Usikae pale," nikasema. "Sema unaumwa."

"Nilisema hivyo wiki iliyopita. Wifi Awatif ananiita mgonjwa wa asali, eti fungate imenilegeza. Wanadhani nina mimba, au nina uvivu."

"Waache wadhani! Usikae pale, Shaima, unanisikia?"

"Ananiita, mama." Simu ikakatika.

Mwenye duka la dawa kijijini kwetu anamjua Shaima miaka yote. Aliniangalia juu ya miwani. "Si mlichukua ya miezi miwili?" Nikasema imemwagika. Akanipa boksi na kuniambia polepole, kama anayesema na mtoto, "Asimeze viwili viwili kufidia. Ameze kipimo chake cha kawaida, na leo hii aonekane na daktari. Kukatisha ghafla ndiko kunakoleta balaa."

Ilinipasa nitoke pale moja kwa moja nipande bajaji. Kijiji cha kina Karam kiko nusu saa tu kwa barabara ya mfereji. Lakini sikutoka moja kwa moja, na hili ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilirudi nyumbani kupika.

Mama wa bibi harusi haendi kwa wakwe mikono mitupu. Ukienda mikono mitupu wiki ya tatu, wakubwa kwa wadogo watauliza umefuata nini. Nilichinja bata huku nalia, nikamchemsha, nikamkaanga kwa samli, nikapanga kwenye sinia na mikate ya tabaka niliyoomba kwa jirani. Mara mbili nilizima moto nitoke, mara mbili nikauwasha tena kwa kuwa nyama ilikuwa mbichi. Bata yule aliniibia saa moja na nusu. Nilikuwa naogopa moto kule, lakini niliogopa maneno ya watu zaidi.

Ndani ya bajaji nilipakata sinia na kupiga simu mara saba. Haikupokelewa. Dereva, mzee Fathi jirani yetu, akaniuliza, "Kuna msiba, Mama Shaima?" Nikamwambia aangalie barabara yake na aongeze mwendo. Boksi la dawa lilikuwa kifuani, ndani ya nguo.

Nilipoingia uani, harufu ya mkate ilikuwa tamu, na hiyo ikanitisha zaidi. Wanawake walikuwa wamekaa wakifinyanga madonge ya unga. Haja Tafida alikuwa kwenye gunia la unga, Awatif kando yake. Na mbele ya tanuri, mgongo umenigeukia, kakaa mwanangu. Mikono yote miwili ilikuwa imeshika ubao mrefu wa kutilia mikate motoni.

"Haa, mama wa mgonjwa wa asali kaja!" Awatif akapiga kelele. "Na bata juu! Karibu, mama, njoo uone binti yako alivyotuunguzia mikate mitatu."

Nilikuwa nautazama mkono wa kushoto wa Shaima. Ukaruka. Ubao ukaanguka. Shaima hakuinama kuuokota, alibaki ameutazama moto, na kichwa kikaanza kugeuka taratibu upande mmoja.

Sinia likanitoka mikononi. "Mwondoeni kwenye moto!" nikapiga ukunga. "Mwondoeni, ana kifafa! Binti yangu ana kifafa!"

Neno hilo nilikuwa nimelificha miaka tisa, na sasa nililisikia likizunguka ua mzima. Awatif ndiye aliyekuwa karibu. Nitamwombea maisha yangu yote, maana alimrukia wifi yake kwa nyuma, akamkumbatia kiunoni na kumvuta, wote wawili wakaanguka juu ya mikate. Mwili wa Shaima ukakaza, kisha ukaanza kupiga.

Mmoja akaleta kijiko amtie mdomoni, nikampiga kofi mkononi. Mwingine akaleta kitunguu cha kumnusisha. "Hakuna kitu mdomoni! Msimbane!" Niliweka mtandio wangu chini ya kichwa chake, nikasukuma mawe na ubao mbali naye, nikamwambia Awatif atazame saa. Daktari alisema zikipita dakika tano ni hospitali bila kusubiri. Dakika ya kwanza. Ya pili. Midomo yake ilikuwa ya rangi ya bilinganya, na mimi nilikuwa namwomba Mungu anichukue mimi na bata wangu, amwache yeye.

Ikaisha kabla ya dakika ya tatu kutimia. Tukamlaza ubavu. Akaanza kuvuta pumzi kwa kukoroma, na sijawahi kusikia sauti iliyo nzuri kama ile.

Haja Tafida akanyoosha mkono. "Anakunywa dawa gani?"

Nikalitoa boksi kifuani. Akavaa miwani, akalisoma jina, akatoa karatasi ya alumini na kuigeuza huku na huku. Rangi ikamtoka usoni.

"Hivi vidogo vyeupe," akasema. "Ndivyo vilivyokuwa kwenye mdalasini?"

"Ulijuaje?"

Akakaa tena kwenye gunia. "Jumamosi nilitafuta mdalasini nimchemshie. Nikakuta leso. Vidonge vitupu, havina boksi, havina jina. Nikasema, huyu mtoto amekuja kumfungia mwanangu kizazi. Anameza vya kuzuia mimba kwa siri." "Nikavimwagia maji. Nikatikisa, nikafunika. Nikakaa nisubiri aje kulia kwangu."

Nilinyanyuka nimvamie, wallahi. Nikafika mbele yake na mkono juu, nikakumbuka moto wa jikoni kwangu na yale maboksi yalivyojikunja.

"Ningeona jina..." akasema.

"Jina nililichoma mimi," nikamwambia.

"Kwa nini hukuniambia, Mama Shaima?"

"Ungemkubali?"

Aliirudisha karatasi ya alumini kwenye boksi. "Sijui," akasema, na nilimshukuru kwa kutodanganya.

Shaima akafungua macho. Alitutazama usoni mmoja mmoja kama asiyetujua, kisha akaliona tanuri. "Nimeungua?" akauliza kwa ulimi mzito.

Haja Tafida akapiga magoti kabla yangu. Akamshika mikono, akaigeuza viganja juu, akapitia kidole kimoja kimoja mpaka cha mwisho. "Hujaungua, mwanangu. Hujaungua," akasema, kisha akaangua kilio.

Karam alitupeleka Tanta jioni hiyo hiyo. Njia nzima hakugeuka kututazama, na kurudi vilevile. Daktari alinisema kama nilivyostahili, akapanga jinsi ya kumhamishia dawa nyingine taratibu, kabla ya mambo ya mimba. Sijui Karam ataamua nini. Bado halali vizuri, Shaima anasema, lakini analala nyumbani.

Boksi sasa liko juu ya televisheni ya Haja Tafida, jina limetazama watu. Asubuhi na jioni simu yangu inalia, na ni yeye. "Amemeza," anasema. "Nimemwona kwa macho yangu." Anakata, hata salamu hana.

Na kila siku, dakika zile kabla haijalia, naishika simu mkononi kama asubuhi ile ya bata. Ikichelewa, navaa viatu. Sipiki kitu.