Chupa ya Mafuta ya Pamba

Kwa maneno ya Justa, muuza viazi vya kuchemsha pale Kigongo, Chenge siku ile alikuwa amelewa chakari. Alisema aliiona kwa macho yake pikapu ya kijiji ikiteremkia kivukoni, watu wanasubiri pantoni ya kwenda Busisi, na Chenge, dereva wake, badala ya kusimama akakata kushoto, akaingia ziwani na gari lake kama ng'ombe mwenye kiu.

"Pombe ya kijijini haikumtosha," Justa aliwaambia wateja wake, "akaona amalizie na ziwa."

Watu walicheka, kisha wakaona haya kwamba wamecheka. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na lilifika mbali kuliko viazi vyake.

Lilimfikia Ng'washi, mama yake Chenge. Mwanawe alikuwa amemwapia, mkono juu ya kaburi la baba yake, kwamba pombe basi. Aliposikia ya Justa, mama yule hakulia. Alimzika mwanawe kwa macho makavu, akarudi kwake, akatuma mtu amwambie mkamwana wake, Odeta, kwamba siku ya kunyoa nywele, ya kumaliza matanga, wasimsubiri. Na katika ukoo ule mjane hanyolewi na yeyote tu. Wembe hushikwa na mama wa marehemu.

Odeta hakubishana na mtu. Alikuwa na jambo aliloliona na hakujua la kulifanyia. Siku za mwisho za mumewe, kila pikapu iliposimama mbele ya nyumba, gurudumu la kushoto lilichimba mchanga, la kulia likapita juu juu kama mgeni asiyehusika. Pua ya gari ikaishia kutazama jiko.

"Linajua ugali ulipo," Chenge alikuwa akimtania.

Basi fundi Severine alipoitwa kutoka Igogo aje kuangalia kama pikapu iliyovutwa majini itafaa tena, Odeta alikwenda akasimama kando.

"Kaa kivulini, shemeji. Kazi hii haina haraka."

"Nimezoea kusimama." Akasogea karibu na gari. "Fundi, mtu akilewa, gari linakwendaje?"

"Linayumba. Huku, halafu huku."

Akamweleza habari ya mchanga. Severine aliacha spana, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Likivuta kushoto, ugonjwa usiutafute kushoto," alisema. "Wa kushoto anafanya kazi. Aliyelala ni mwenzake."

Akafungua gurudumu la mbele la kulia, akatoa ngoma ya breki. Ndani, vile viatu vinavyopaswa kutanuka na kulibana gurudumu vilikuwa havijagusa kitu siku nyingi. Kutu ilikuwa imeanza kukaa. Akafungua silinda ndogo inayovisukuma. Ule mpira wa ndani ulikataa kutoka. Alipoung'oa kwa bisibisi ulikuwa umevimba, laini kama uyoga wa mvua.

Severine aliunusa. Akaenda kwenye kikopo cha mafuta ya breki, akachovya kidole, akanusa tena.

"Haya si ya breki. Haya ni ya jikoni." Akamtazama. "Mafuta ya pamba. Wengi wanafanya hivyo, mafuta ya breki hayaonekani hata kwa magendo. Siku ya kwanza breki inakamata, mtu anashukuru Mungu. Mpira unavimba taratibu. Aliyapata wapi?"

Odeta aliiona chupa akilini. Aliiona rafuni, imezibwa kwa gunzi, imebaki nusu, akiba aliyoificha hata wageni walipokuja. Chenge alisimama mlangoni na kusema, nipe kidogo, mke wangu, na gari nalo lipate kula. Alimpa yote. Alifurahi kumpa, kwa sababu siku hizo mke alikuwa na vitu vichache vya kumpa mume.

"Kwangu," alisema.

Severine alifuta mikono kwa muda mrefu kuliko uchafu ulivyohitaji.

"Mimi nitawaambia breki zilikufa. Inatosha. Habari ya chupa iishie hapa."

"Mama atauliza zilikufa kwa nini."

Aliomba ule mpira, akaufunga kwenye pindo la khanga.

Ng'washi alikuwa uani, anapukuchua mahindi kwenye ungo. Odeta alipiga magoti.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba."

Akaufungua mpira, akauweka juu ya mahindi, akasimulia yote: mchanga, gurudumu lililolala, mafuta. Hakuruka kitu. Mama mkwe aliuokota, akaunusa, akaurudia kuunusa.

"Kwa hiyo hakunywa."

"Hakunywa, mayu. Alikanyaga breki, gari likamvuta."

Machozi yaliyokuwa yamekawia tangu mazishi yalimshuka mama yule, naye hakuyafuta.

"Na chupa ilitoka kwako."

"Ilitoka kwangu."

Kuku alikuja akadonoa punje zilizodondoka. Hakuna aliyemfukuza.

"Kesho tunanyoa, mayu," Odeta alisema, kichwa ameinamisha. "Sitaki wembe wa mtu mwingine. Naomba uje uninyoe wewe."

Ng'washi aliuweka mpira pembeni mwa ungo, akachukua hindi jingine, akaanza kupukuchua.