Kaseti Safi za Githae

Karatasi ya jina juu ya kaseti ilikuwa ileile, na mwandiko wa mume wangu Warsame uleule: "Muziki wa Mogadishu". Nikaitia kaseti kwenye redio, nikabonyeza, na sauti ya mama yangu haikuwemo.

Muziki ulikuwemo. Muziki safi ajabu, kila ngoma unaisikia peke yake. Nikageuza upande wa pili: muziki. Nikaitoa, nikaisoma tena karatasi, nikairudisha, kana kwamba mama alikuwa ametoka kidogo tu.

Ulikuwa mwaka wa themanini na tatu, na binti yangu Halimo alikuwa anaolewa Ijumaa. Sisi Wasomali wa Isiolo humwimbia bibi arusi buraanbur, shairi la wanawake, na la ukoo wetu hutaja mama zake mmoja baada ya mwingine hadi kule tulikotoka. Mama yangu, Isnino, ndiye pekee aliyelijua lote. Kabla hajapooza upande mmoja na kunyamaza aliliimba uani, nami nikalirekodi juu ya kaseti ya muziki. Karatasi sikuibadilisha. Nani hubadilisha? Nyumba nzima ilijua aliyemo ndani ni mama.

Lakini kaseti ilichakaa, ikawa inakwaruza, mbuzi wanasikika kumshinda mama. Nikazipeleka kaseti zetu zote kwa Githae, mwenye duka la muziki karibu na stendi. Nikamwambia azihamishie kwenye kaseti nzuri, ila majina yabaki yalivyo. Na yalibaki, ndicho kinachonitia wazimu.

Nikarudi dukani nimefura.

"Mama Halimo, habari?"

"Mama yangu yuko wapi?"

Githae akamtazama mkewe, Nyaguthii. "Kwani amepotea?"

"Yuko nyumbani! Nauliza yule wa kwenye kaseti!"

Tukazungushana hivyo mpaka kichwa kikaniuma. Mwishowe akasema, "Si ulisema majina ibaki? Mimi nilifuata majina. Hii ilikuwa makelele tu, mama fulani anaimba na mbuzi. Nimejaribu kusafisha wiki mzima, ikakataa. Nikasema hapa mtu amerekodi juu kwa makosa. Nikaenda nikatafuta ile muziki yenyewe Nairobi, safi kabisa."

"Na ile kuukuu?"

"Nilifuta. Sasa iko na kwaya ya kanisa."

Nikaketi juu ya kreti ya soda nikalia. Nilitaka kumtukana, nikakosa pa kuanzia, maana kila alichofanya nilikuwa nimekisema kwa mdomo wangu. Yeye naye alisimama pale na bisibisi mkononi, hajui amekosa wapi. Nilichojua ni kwamba Halimo angeolewa bila mama zake, na baada yake hakuna bibi arusi wetu ambaye angewasikia tena.

Nyaguthii ndiye aliyeuliza, "Ni ile ya hivi?"

Akaanza kuimba. Wiki nzima alikuwa ameisikia ikirudiwa huku akipika chai nyuma ya duka. Sauti ilipanda na kushuka sawasawa kabisa, lakini maneno, astaghfirullah! Si Kisomali, si Kikikuyu, majina ya bibi zangu yamepondwapondwa. Nikamshika mkono nikamvuta hadi nyumbani. Kwa nini, sikujua. Labda nilitaka mama asikie angalau sauti ya wimbo wake.

Mama alikuwa kitandani, uso ukutani. Nyaguthii akaimba. Mama akageuka, akakunja uso. Nyaguthii akaogopa, akaharibu zaidi.

Mama akafungua mdomo. Kwa miezi mingi hakuwa ameweza kuomba hata maji, na sasa akaimba, kwa hasira, akimsahihisha: jina la mama yake, kisha la bibi yake, kila moja mahali pake. Halafu akanyamaza. Nikamuuliza, "Mama, na anayefuata?" Akanitazama tu, ulimi mzito. Kusema hawezi, kuimba anaweza. Nani atanieleza hilo?

Nikamwita Halimo, akaja akapiga magoti kando ya kitanda.

"Nimekosea sana?" Nyaguthii akaninong'oneza.

"Sana," nikamwambia. "Kosea tena."