Hawa Hasemi Mbele ya Baba Mkwe

Galma alimleta Hawa, mke wa mwanawe, zahanati kwa mkokoteni wa punda. Barabara ya Minjila ilikuwa imeshamezwa na mafuriko, na mwanawe yuko malishoni, simu haishiki.

"Daktari, miguu tu," aliniambia. Mimi ni muuguzi, lakini huku kila mwenye koti jeupe ni daktari. "Juzi nyayo zilikufa ganzi. Jana magoti. Leo hawezi simama. Piga yeye sindano ya malaria."

Nilimuuliza Hawa mwenyewe. Akatazama sakafu.

"Hawezi sema mbele yangu. Mimi baba mkwe," Galma akasema kwa fahari. "Heshima iko."

Nami, Asenath mjinga, nikakubali. Nimekua jirani na Waorma, wafugaji kama Galma, najua nyumba zenye mwiko huo. Nikaendelea kumhoji mzee.

Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Nikagonga goti la Hawa kwa nyundo ndogo ya mpira, mguu haukuruka. Nikagonga la pili. Wapi! Malaria haifanyi hivyo. Nikamtoa mzee nje.

"Hawa, majuma haya mawili umeharisha?"

Akaitikia kwa kichwa. Habari za tumbo angemwambiaje mkwewe? Kuhara kulikwisha, ila kinga ya mwili iliyopigana na vijidudu ilikuwa imegeuka, sasa inashambulia mishipa yake ya fahamu, kuanzia nyayo ikipanda. Kifua kingefuata.

"Vuta pumzi moja, uhesabu kwa Kiorma mpaka iishe."

Mtu mzima mwenye afya hupita ishirini na tano bila taabu. Hawa alifika sita, kwa sauti ya mtu aliyefunikwa blanketi. Kile kimya nilichokiita heshima kilikuwa pumzi inayokwisha, na mimi nimepoteza saa nzima nikipiga soga na mzee. Nilitamani kujizaba kofi.

Gari la wagonjwa lilikuwa ng'ambo ya mafuriko, Minjila, na hospitali yenye mashine ya kupumulia iko mbali zaidi. Mvuvi mmoja wa kijiji cha Chara alitupakia mtumbwini. Kabla hatujafika katikati, midomo ya Hawa ikaanza kuwa ya buluu. Nikamfunika barakoa, nikawa naminya mfuko wa hewa, mikono ikiniwaka moto. Nilimweleza Galma kila kitu, hata kosa langu. Maji yalienea kila upande, Minjila haionekani. Niliogopa sana.

Mzee alikuwa amempakata kichwa. Akainama.

"Hawa, mimi nakupa ruhusa. Sema. Hata nitukane, sema tu."

Hawa akainua macho, akamtazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu aolewe. Nikaiondoa barakoa kidogo apate nafasi. Midomo ilitikisika, sauti haikutoka.

"Sema, mwanangu," Galma akalia.

Nikairudisha barakoa haraka, nikaendelea kuminya.