Swali la Kumi na Nne

Ofisini walimwita Mashine, na jina hilo hakulichukia. Kati ya makarani watano waliotumwa mwaka uliopita kuzunguka nyumba zenye silaha za leseni, yeye ndiye aliyemaliza nyumba ishirini kwa siku huku wenzake wakihangaika na kumi na mbili. Ofisi ya afya ilitaka kujua kwa nini watu wengi hivyo wanaumia na kufa kwa risasi, ikaandaa fomu ya maswali kumi na manne. Silaha inawekwa wapi? Ufunguo anao nani? Risasi zimo ndani? Kumi na matatu ya mwanzo hayakuwa na shida.

La kumi na nne ndilo lililowakwama kooni: "Katika mwezi uliopita, umewahi kutamani kufa?" Hebu fikiria, umemwamkia mzee wa watu, amekupa kiti na maji ya kunywa, halafu umuulize hilo? Makarani hawakuwahi kukaa kikao wakakubaliana, lakini wote walifanya vilevile. Walipofika hapo waliaga, wakatoka, na huko barabarani wakatia alama kwenye "hapana". Mashine aliona ni adabu tu.

Asubuhi hiyo kazi yake ilikuwa kulinganisha taarifa za vifo kutoka hospitali na fomu za nyumba walizotembelea. Saa tatu na nusu akashika taarifa ya dereva mstaafu, miaka sitini na nane, aliyejipiga risasi nyumbani kwake. Akaitafuta fomu yake, akaikuta. Mke: amefariki, miezi mitatu. Bunduki: juu ya kabati la chumbani. Swali la kumi na nne: hapana. Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe. Alimkumbuka mzee huyo vizuri. Mzee alimsindikiza mpaka mlangoni, akasita, akamuuliza, "Yameisha, mwanangu?" Naye akamjibu kwamba yameisha.

Akasimama, akakaa, akasimama tena. Mwenzake wa meza ya pili, ambaye kwa upara wake hakuna aliyemwita ila Kipara, akamuuliza kama kiti kimeota misumari. Mashine alikuwa anautazama mkoba wake chini ya meza, maana ndani yake mlikuwa na mkebe wa bati.

Mkebe huo baba yake alimletea asubuhi ileile, kabla hajatoka kwenda kazini. Baba alikuwa fundi saa. Humo mkebeni mlikuwa na bisibisi zake ndogo kumi na moja, ambazo utotoni ukizigusa ulikuwa umejitafutia balaa. "Kaa nazo," alisema. "Mimi napunguza vitu tu." Mashine akacheka, akamtania kwamba leo urithi umemfuata mrithi mpaka mlangoni. Alimtania hivyo wakati mama ana miezi minne tu kaburini. Na bastola ya baba, aliyoinunua mwaka majambazi walipovunja duka lake, ilikuwa palepale siku zote, juu ya kabati la chumbani.

Akapiga simu. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, na tena.

"Naenda nyumbani kwa mzee," akamwambia Kipara, huku anapekua kabati la fomu.

"Mkuu akiuliza nimwambie nini?"

"Mwambie kuna fomu haijakamilika."

Akapanda pikipiki ya kukodi, akamhimiza dereva mpaka dereva akamwambia, "Dada, hata mimi nina watoto." Kila walipokwama kwenye foleni alipiga simu, ikaita, ikakatika. Alijichukia. Nyumba ishirini kwa siku! Wenzake walikuwa wanakawia kwa sababu wazee hupenda kuzungumza, naye akajiona hodari kwa kuwakata maneno.

Mlango haukuwa umefungwa kwa ufunguo. Baba alikuwa amekaa kwenye meza yake ya kazi, meza tupu, mikono magotini. Simu ilikuwa pembeni. Mbele yake palikuwa na kitambaa cha njano kilichokunjwa, na ndani ya kitambaa mlikuwa na kitu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umefukuzwa kazi?"

"Simu hupokei."

"Nimeisikia."

Mashine alivuta kiti akakaa, kisha taratibu akakivutia kitambaa upande wake. Baba hakumzuia. Akatoa fomu ya baba mkobani. Baba ndiye aliyekuwa nyumba yake ya kwanza, ya kujifunzia kazi.

"Kuna swali sikukuuliza mwaka ule."

"Si yalikuwa kumi na matatu?"

"Kumi na manne, baba."

Akalisoma kama lilivyoandikwa. Alitaka kulilainisha, akashindwa kupata namna. Baba alitazama ukutani, kwenye saa zake ambazo tangu msiba hazikutiwa ufunguo hata moja.

"Leo," akasema. "Tangu nilipotoka kwako."

Mashine akalia. Alilia bila kujificha, kama mtoto.

"Utalowesha karatasi," baba akasema. "Andika. Nisingemwambia mtu asiyeniuliza."

Akaifuta ile "hapana", akaandika "ndiyo". Kisha akampigia Kipara. "Njoo na gari la ofisi kwa baba yangu, kuna silaha ya kupeleka kituoni. Tukitoka hapo tunakwenda kwa daktari. Na zile fomu zitoe zote, zako na zangu. La kumi na nne tunalirudia, nyumba kwa nyumba."

"Zote?"

"Zote. Anza na wazee waliofiwa."

Baba alikuwa anamsikiliza. "Daktari tutaona," akasema.

"Hatutaona, tutakwenda. Na leo unalala kwangu."

Mzee akasugua magoti, akataka kunyanyuka, akarudi kukaa.

"Haya. Yameisha, mwanangu?"

Kalamu ilimponyoka mkononi. Akaiacha hukohuko chini, akasogeza kiti mpaka magoti yao yakagusana.

"Bado, baba," akasema. "Nieleze tangu mwanzo. Sina haraka."